Makopo Tisa Chini ya Meza

Siku mliyoniaga pale depo, mmoja wenu aliniuliza kwa nini nimeacha makopo tisa ya mafuta ya kupikia chini ya meza ya kupimia, yamefungwa vifuniko vizuri na kubandikwa karatasi iliyoandikwa USITUPE. Mdomo wangu ulikuwa umejaa keki, nikasema nitawaandikia. Nilidhani itakuwa karatasi moja. Lakini mtu aliyestaafu na mgongo mbaya hawezi kulima, na asiyelima hapa Ndalu hana la kufanya ila kukumbuka. Vumilieni.

Nilikuwa mpimaji wa mahindi. Majirani zangu hadi leo wanaamini nilikuwa mlinzi wa depo ya nafaka, kwa sababu kila waliponiona nilikuwa nimesimama karibu na magunia na kitu chenye ncha mkononi. Nimechoka kuwaeleza. Hicho kitu ni bambo, kile kichuma chenye mfereji unachokichomeka guniani ili kutoa punje za ndani bila kulifungua. Nimekishika tangu nikiwa na nywele zote.

Siku yangu ya kwanza kazini, Kitale, nilipangwa chini ya Mzee Ndiema, mzaliwa wa miteremko ya Mlima Elgon, mtu mfupi mwenye koti la kaki ambalo sikuwahi kuona likifuliwa wala likichafuka. Trekta zilikuwa zimepanga foleni kutoka getini hadi barabarani. Akanipa bambo akaniambia nianze. Nilichoma gunia kama mtu anayeua nyoka. Lilipasuka, mahindi yakamwagika juu ya viatu vyake. Hakunikemea. Alinitazama, akatazama viatu, akasema, "Okota."

Niliokota punje moja moja mbele ya madereva wote, nao wakanipigia makofi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nilipomaliza akaniambia, "Sasa umeziona. Umeshika kila moja. Hiyo ndiyo kazi, kijana. Hakuna ingine."

Mzee Ndiema alikuwa na mita ya unyevu kama watu wote, na aliitumia kama watu wote, lakini kabla ya kuiwasha alikuwa tayari ameshapima. Alitia mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu mahindi mabichi huwa na joto katikati. Alimimina punje kwenye sinia akasikiliza mlio. Alitafuna moja. Halafu akanusa. Hapo kwenye kunusa ndipo alipokaa muda mrefu kuliko pengine pote, macho yamefumbwa, madereva wakipiga honi.

"Jicho litakudanganya ikifika saa nane, njaa ikikushika," aliniambia. "Pua haidanganyi mpaka ushikwe na homa."

Alinifundisha kugeuza punje na kuangalia upande wa kiini, kwa sababu kuvu huanzia pale, kama kope ya bluu, wakati upande wa juu bado unang'aa. Alinifundisha kwamba mahindi yenye weusi hayana kosa moja. Kuna weusi wa mvua, kuna weusi wa ugonjwa shambani, kuna weusi wa kuoza ghalani, na kuna weusi wa moshi. Huo wa mwisho mimi sikuhitaji kufundishwa. Kukhu wangu, nyanya mzaa baba, aliweka mahindi yake kwenye dari ya jikoni, juu ya moto, kama akina mama wengi wa Bungoma walivyofanya na wengine wanavyofanya bado. Moshi hupanda mwaka mzima. Dumuzi, yule mdudu mla punje, hakai pale, kuvu haioti pale. Punje hubadilika rangi zikawa kama chai ya rangi, nyingine kama masizi, na hakuna mahindi makavu zaidi ya hayo duniani. Ukiyanusa unasikia jikoni kwenu.

Na alinifundisha habari ya makopo. Kila sampuli iliyokataliwa iliwekwa kando, mwenye mahindi akikata rufaa ipimwe tena. Hiyo ilikuwa sheria. Lakini nafasi ilikuwa ndogo na makopo yalikuwa machache, kwa hiyo kila siku tulilazimika kuchagua ni ya nani tuyamwage. Wapimaji wengi waliweka makopo ya wenye kelele, maana waliogopa kesi. Mzee Ndiema aliweka ya wengine.

"Anayebishana atarudi mwenyewe," alisema. "Huyo usimhofie. Anayeondoka kimya, mwekee kopo."

Nilimuuliza kwa nini, kama hatarudi.

"Ndiyo maana," akasema, akaenda kunywa chai.

Miaka ya katikati nitairuka. Ilikuwa mingi na ilifanana. Nilihamishiwa Bungoma, nikarudishwa Kitale, nikahamishiwa Bungoma tena. Nilipata kikohozi cha vumbi ambacho bado tunaishi pamoja. Mzee Ndiema alistaafu, akaniachia sinia lake, na baadaye tukamzika kwao siku ya mvua kubwa. Nilipata vijana wa kuwafundisha, nikawaambia habari ya pua, wakacheka wakawasha mita.

Kisha, miaka ya karibuni, tukaitwa Kitale wapimaji wakongwe kutoka kila depo. Tuliambiwa tunakwenda kufundisha mashine.

Nakumbuka tulivyokaa katika ule ukumbi, wazee wenye miwani, kila mmoja na kompyuta yake, kama darasa la ngumbaru. Aliyetuongoza alikuwa Nafula, binti wa Bungoma hapa hapa, amesomea mambo hayo ya akili mnemba, yaani mashine kujifunza kwa kuonyeshwa mifano badala ya kuambiwa kanuni. Alikuwa na adabu ya nyumbani, jambo lililotufurahisha kuliko kompyuta.

"Wazee, mashine haijui kitu," alitueleza. "Iko kama mtoto. Mkiiambia hii ni nzima, itajua nzima. Mkiiambia hii imeoza, itajua kuoza. Sasa yenyewe itakuwa na macho yenu."

"Na pua?" nikauliza.

Ukumbi ukacheka. Nafula hakucheka. Akasema, "Pua bado, mzee. Ndiyo tunawategemea."

Kazi ilikuwa hivi. Picha ya punje inatokea kwenye kioo, unabonyeza: nzima, imevunjika, imeliwa na wadudu, imeoza, rangi nyingine. Kulikuwa na kitufe cha sita, cha manjano, cha mtu asiye na uhakika. Ukikibonyeza, picha ile ilirudi kwa Nafula, naye alitafuta mahindi yenyewe kwenye mfuko yalikotoka, akakuletea uyashike na kuyanusa. Alikuwa amelifikiria jambo hili kwa kweli. Nataka mjue hivyo, msije mkamlaumu.

Siku za kwanza nilikibonyeza sana kile cha manjano. Kila punje ya kahawia ilipokuja, nilibonyeza, Nafula akaja na mfuko, nikanusa, nikasema huu ni moshi, ni nzima. Halafu wakubwa wakabandika ukutani orodha ya nani amemaliza picha ngapi. Hakuna aliyetuambia tukimbie. Walibandika tu. Mimi nilikuwa wa mwisho. Mzee mmoja kutoka sehemu iitwayo Kwanza, ambaye nilijua hawezi kutofautisha mahindi na maharagwe bila miwani, alikuwa wa kwanza. Nilikasirika kama mtoto.

Basi nikaacha kubonyeza manjano. Punje ya kahawia ikija, bila harufu, bila mlio, picha tu yenye mwanga wa taa, nilijiambia kwamba kwa usalama bora kukataa kuliko kukubali. Imeoza. Imeoza. Imeoza. Siku ya tatu tangu niache nilikuwa katikati ya orodha, na mgongo ulinisumbua, na nilitaka kurudi nyumbani. Sijui ni punje ngapi. Nyingi. Mimi ndiye niliyekuwa mzaliwa wa Bungoma kati ya wale wazee, kwa hiyo picha za mahindi ya Bungoma karibu zote zilipitia kwangu. Haraka haraka haina baraka, na mimi hiyo methali nimewaambia wengine maisha yangu yote.

Mashine ilikuja Bungoma mwaka uliofuata. Mnaijua, sanduku lile jeupe lenye droo. Unamimina sampuli, kamera inapiga, kioo kinaandika jibu kabla hujafuta jasho. Nami nitasema ukweli wake kwa sababu uongo hauna faida tena kwangu: ni mashine nzuri. Haina shemeji. Haiombi chai. Yule dalali mwenye kofia, mliyekuwa mkimkimbilia kumsalimia, mashine ilimkatalia mahindi mara tatu wiki moja, na akapiga simu kwa watu wote anaowajua, na hakuna hata mmoja aliyejua kuongea na sanduku. Mkulima mdogo aliyekuja na magunia mawili juu ya baiskeli alipimwa sawasawa na mwenye lori. Hilo sikuwa nimeliona katika kazi yangu yote, na niliposimama pale nikaliona nilifurahi, nawaambia bila aibu.

Kuna siku lilikuja lori lenye mahindi meupe, mazuri, yanang'aa. Mimi nilipitisha mkono, nikanusa, nikasema safi. Wenzangu wawili wakasema safi. Mashine ikasema imeoza. Tukaicheka. Nikageuza punje moja, halafu ya pili, halafu nikachukua miwani. Kope ya bluu, ndogo kabisa, kwenye kiini, punje baada ya punje. Mahindi yale yalikuwa yanakwenda shule ya bweni. Nilikuwa na mafua wiki ile, na Mzee Ndiema alikuwa ameshanionya kuhusu homa. Usiku huo nilimshukuru Mungu kwa lile sanduku, nami si mtu wa kushukuru vitu vya umeme.

Kwa hiyo eleweni kwa nini nilianza kuiamini. Ilikuwa imenishinda mara moja, tena vibaya. Mkubwa wetu alikuwa ametuambia wazi, "Mashine inashauri, afisa anaamua." Kulikuwa na fomu ya kuipinga, kurasa tatu, unaandika sababu na kutia sahihi. Lakini tangu siku ya lile lori, mkono wangu ulikuwa mzito kuishika ile fomu. Wengine wenu hamjawahi kuiona. Iko kwenye droo ya pili.

Wakati huo huo tukaambiwa makopo yaondolewe, yanaleta panya. Mashine inahifadhi picha ya kila sampuli, picha inatosha.

Mama Nekesa alikuja Januari, mchana, foleni ikiwa ndefu. Sikumjua, hakuwa mtu wangu. Mama mtu mzima anayeukaribia uzee, kutoka upande wa Lwakhakha, karibu na mpaka, amekodi nafasi kwenye pikapu ya jirani, magunia manne. Alinisalimu vizuri, "Mulembe, papa," nikamjibu. Nilichoma bambo, nikatoa sampuli. Zilitoka punje fupi, nene, za kienyeji, rangi ya kahawia. Na harufu ikanipanda puani hata kabla sijazimimina kwenye sinia. Moshi. Jikoni kwa kukhu.

Nikamimina kwenye droo. Sanduku likaandika: imeoza.

Mama hakusoma. Alinitazama mimi. "Inasema nini?"

"Inasema imeoza, mama."

"Imeoza?" Akachukua punje akaitazama. "Lakini hii si ilikaa juu ya moto. Mimi huweka hapo siku zote."

"Ndivyo mashine inasema."

"Na wewe?" akaniuliza. "Wewe unaona aje?"

Nyuma yake kulikuwa na magari kumi na kitu. Fomu ilikuwa kwenye droo ya pili. Nilijua. Ninaandika neno hili polepole ili nisije nikalibadilisha: nilijua. Nikamwambia, "Mama, hii mashine inaona kutushinda."

Akauliza jambo moja tu, kama ni ile sumu kuvu inayotangazwa kwenye redio, inayoua watoto. Nikamwambia kuoza na sumu kuvu ni ndugu, jambo ambalo ni kweli, na ambalo halikuhusu mahindi yake hata kidogo. Akasema asante. Wakapakia magunia, wakaondoka. Hakubishana.

Mkono wangu, ambao umezoea kazi kuliko mimi, ukajaza kopo lile tulilokuwa tunaita gorogoro, ukafunga kifuniko, ukaandika jina lake na soko la kwao chini ya kopo, ukaliweka chini ya meza ambapo mkubwa haangalii. Anayeondoka kimya, mwekee kopo. Nilifanya hivyo na wengine waliokuja na harufu ile, kwa miezi miwili iliyofuata. Mnaelewa ninachosema? Sikupinga hata mara moja. Niliweka makopo. Nilijiona nina dhamiri nzuri kwa sababu ya makopo.

Nafula ndiye aliyekuja, mimi nikiwa nimebakiza wiki mbili kustaafu. Alikuwa na ramani kwenye simu yake, na alama nyekundu zimejaa upande wa mpakani na miteremko ya mlima.

"Mzee Simiyu, kuna kitu inanisumbua," alisema. "Mahindi inakataliwa sana huku kuliko kwingine. Na wengi ni akina mama. Ati huku mahindi inaoza zaidi? Si huku ndiko watu wanajua kukausha?"

Akaendelea, akitazama simu, si mimi.

"Nimerudi nyuma nikaangalia zile picha za Kitale. Za rangi ya kahawia. Mwanzo kuna mtu alikuwa anabonyeza manjano kila wakati. Halafu akaacha."

Angeweza kutaja jina. Alilijua, kila picha ilikuwa na namba ya aliyeibonyeza. Aliniachia nafasi niseme mwenyewe, na adabu hiyo iliniuma kuliko kama angenifokea.

"Ni mimi," nikasema. "Hizo si mbovu. Ni moshi."

"Zote?"

"Karibu zote."

Alikaa juu ya gunia. Nikangoja ghadhabu. Lakini alichosema ni, "Basi inatengenezeka, mzee. Lakini itabidi uandike ulivyofanya, kwa mkono wako. Hawataniamini mimi nikisema tu. Na itabidi tupate mahindi ya moshi yenyewe, mengi, uyashike tena moja moja."

Niliandika. Wiki mbili kabla ya keki, niliandika barua ya kueleza kwamba nilibonyeza uongo kwa sababu sikutaka kuwa wa mwisho kwenye orodha ya ukutani. Mtu wa miaka sitini. Kama mliona wakubwa hawakutoa hotuba ndefu siku ile, sasa mnajua.

Tulikwenda Lwakhakha mimi na Nafula kutafuta mahindi ya moshi. Nilikuwa na jina la Mama Nekesa, nikasema tuanze kwake, maana mahindi yake niliyakumbuka vizuri. Hatukubeba kopo, tulidhani dari yake imejaa. Alitupokea, akatutolea viti, akatuingiza jikoni tulipoeleza tunachotaka. Akaonyesha juu kwa kidole.

Dari ilikuwa tupu. Fito nyeusi, moshi unapita katikati yake ukienda zake.

"Nilichoma," alisema.

"Ulichoma nini, mama?" Nafula akauliza.

"Yote. Yale magunia nilirudi nayo, na yenye ilikuwa imebaki hapa, na ya mbegu." Alisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Si mliniambia imeoza? Mimi niko na wajukuu hapa. Ningewapikia sumu? Ningepanda kitu imeoza? Nilichimba shimo hapo nyuma nikachoma siku mbili."

Nafula akauliza kwa sauti ndogo kuhusu hiyo mbegu.

Ilikuwa ya mama yake. Alipoolewa, mama yake alimpa mahindi machache kutoka kwenye dari yake, ng'ambo ya mto wa mpakani, naye mama yake alikuwa amepewa vile vile. Kila msimu alichagua mahindi mazuri akayatundika mahali penye moshi mzito. Mama yake alishakufa. Dada zake walishahamia mbegu za dukani zamani. Hakukuwa na mahali pengine mahindi yale yalipokuwa, isipokuwa dari ile.

"Sasa nitapanda ya duka," alisema. "Ni sawa tu. Watu wote wanapanda ya duka."

Nilitoka nje. Nilisimama karibu na lile shimo la majivu nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku ya viatu vya Mzee Ndiema. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa amefika akiwa mtu mzima. Halafu nikakumbuka kopo.

Kesho yake tulirudi, mimi nimelipakata kifuani kama mtoto mchanga kwenye barabara ile mbaya. Mama Nekesa alilipokea kopo kwa mikono miwili, akalifungua, hakutazama ndani. Alinusa. Alikaa hapo kwenye kunusa muda mrefu, macho yamefumbwa, nami nikamkumbuka mtu mwingine.

"Hii ni yangu," akasema.

"Ni yako, mama. Niliiweka siku ile."

"Kwa nini uliweka?"

Sikuwa na namna ya kuzunguka. "Kwa sababu nilijua haijaoza."

"Ulijua siku ile?"

"Siku ile."

"Nikiwa nimesimama hapo?"

"Ukiwa umesimama hapo."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alifunga kopo, akaliweka magotini, akamgeukia Nafula.

"Na hiyo mashine yenu," akauliza, "yenyewe iliweka nini yangu?"

"Iliweka picha, mama."

"Picha ya haya mahindi?"

Nafula akatoa simu, akaitafuta, akamwonyesha. Ilikuwa picha nzuri sana. Kila punje ilionekana, ungeweza kuzihesabu. Mama Nekesa aliitazama kwa makini, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Ni safi," akasema. "Basi iambie hiyo mashine iipande."

Nafula amerekebisha mengi tangu wakati huo. Nilikaa naye siku zangu zote za mwisho nikishika punje za moshi, nikinusa, nikibonyeza upya, na ile orodha ya ukutani ameiondoa mwenyewe. Sasa mashine ikiona kahawia haisemi imeoza, inasema: mwite afisa anuse. Ni maneno yangu hayo, aliyaandika kama nilivyoyatamka. Itawasaidia watu wengi, na itawachosha kidogo ninyi mnaoitwa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Lakini waliokwishaondoka mashine haiwezi kuwaita. Baada ya Mama Nekesa tulitafuta wengine. Tuliowapata tuliwarudishia makopo yao, na baadhi walikuwa wamefanya kama yeye. Tisa hatukuwapata. Hawakuacha namba za simu, maana mtu anayeondoka kimya haachi namba. Jina na soko yako chini ya kila kopo kwa mwandiko wangu mbaya. Wengi ni wa upande wa Lwakhakha. Mmoja ni wa hapa kwetu Ndalu, nami nimeshamuulizia kanisani mara mbili.

Mvua za kwanza zimeshanyesha Kitale, na Bungoma haziko mbali. Mgongo wangu umekataa pikipiki. Yachukueni mgawane, kila mtu makopo mawili matatu, mpite masokoni mkiuliza. Punje bado zinaota. Nilijaribu chache kwenye kitambaa chenye maji.

Mkiwapata, wapeni kopo kwanza kabla ya maneno. Na wakiwauliza ni nani aliyekataa mahindi yao, msiseme ni mashine. Semeni ni Simiyu, alikuwa amesimama hapo.